Mashine ya DTG haipendi kulala: namna ya kuitumia kwenye biashara ya fulana za oda

Watu wengi wakishanunua printa ya DTG (inayochapa picha moja kwa moja kwenye nguo) wanadhani kazi imeisha, unatandika fulana, unabonyeza, picha inatoka. Na kweli inatoka. Ila kubonyeza ndo sehemu rahisi kuliko zote, kazi yenyewe iko kabla na baada ya hapo, na sehemu kubwa iko kwenye wino mweupe, huo ndo utakaokukosesha usingizi.

Tuanze na huo mweupe basi. DTG inarusha matone madogo sana ya wino wa maji moja kwa moja kwenye kitambaa, na kwenye fulana ya rangi ya giza lazima kwanza ilale tabaka ya nyeupe ndo rangi zingine zikae juu yake, la sivyo nyekundu yako itamezwa na weusi wa fulana. Weupe wa ule wino unatoka kwenye unga wa titaniamu dioksaidi ambao ni mzito, ukiuacha umetulia unatuama kama chokaa kwenye ndoo, na ukituama ndani ya mabomba na hedi (kichwa chenye vitundu, yaani nozeli, vinavyorusha wino) umekwisha. Mashine nyingi za siku hizi zinazungusha wino zenyewe ila zinahitaji umeme ndo zizungushe, kwa hiyo usichomoe waya eti unabana matumizi. Kama yako inatumia katriji au chupa za kutikisa, tikisa kila asubuhi, taratibu, usitikise kama unachanganya juisi maana unaingiza mapovu.

Mi niliwahi kuzima kila kitu nikaondoka siku nne, nikarudi nikaprinti testi ya nozeli, ile karatasi yenye vimistari vya kila rangi, upande wa nyeupe ulikuwa kama kitana kilichong'oka meno. Nilipoteza siku nzima na wino mwingi kwenye kusafisha tu. Kwa hiyo hata kama huna oda printi kitu kidogo kila siku, na hiyo testi ya nozeli ifanye kila asubuhi kabla hujagusa fulana ya mteja. Mstari mmoja mmoja ukikatika safisha kawaida mara moja, angalia tena. Usipige klini kubwa mfululizo mara tano kwa hasira, inamaliza wino na mara nyingine inazidisha shida.

Hewa ya chumbani nayo ina mchango wake, unyevu ukishuka chini ya asilimia 40 wino unakaukia kwenye nozeli, kaa kati ya 40 na 60. Nunua kipimo kidogo cha unyevu, na feni isipulize kuelekea kwenye mashine.

Sasa fulana. Pamba 100% ndo rafiki yako, iliyofumwa kwa kubana na yenye uso laini, ile yenye manyoyamanyoya inasukuma wino juu na picha inaonekana kama ina vumbi. Polista achana nayo kama bado unajifunza, maana rangi ya polista inapanda ikipata moto, unaprinti nyeupe safi kwenye fulana nyekundu afu baada ya hiti presi (mashine ya kubana kitambaa kwa moto) unakuta imekuwa pinki.

Fulana ya giza lazima ipate pritriti, ile dawa inayokamata wino mweupe usizame ndani ya nyuzi. Kwanza piga hiti presi sekunde kama 10 unyevu utoke na nyuzi zilale, halafu ndo nyunyiza. Hapa watu wanakisia kwa macho na ndo wanapoharibu, ikiwa kidogo nyeupe inatoka ya kijivu, ikizidi unapata boksi linalong'aa kifuani na picha inakuja kubanduka ikifuliwa. Weka mizani ndogo, pima fulana kabla na baada ya kunyunyiza, kwa picha ya kujaza kifua anzia gramu 20 hivi halafu rekebisha kwa dawa yako na kitambaa chako. Kausha kwa presi na karatasi ya kuokea juu yake, na mwanzoni usibane kabisa, shusha iwe karibu tu mvuke utoke, halafu ndo ubane. Pitisha kiganja, ukihisi ubaridi au utelezi bado haijakauka.

Faili: PNG yenye mandhari wazi, 300 dpi (nukta kwa kila inchi) kwa saizi ile ile itakayotoka, sio picha ya WhatsApp umeivuta mpaka ikajaa. Kitu ambacho watu hawakisemi sana ni vile vivuli na miali ya nusu uwazi, kwenye skrini vinapendeza ila printa inaviwekea nyeupe chini na unapata madoadoa meupe pembeni mwa picha, vifute au vifanye vitone vidogo vilivyojaa. Na kama picha ina nyeusi na fulana ni nyeusi, toa ile nyeusi kwenye disaini, acha kitambaa chenyewe kiwe nyeusi, unaokoa wino na fulana inabaki laini mwilini. Tabaka ya nyeupe nayo iambie programu iipunguze ukingoni pikseli 2 au 3 isichungulie nje ya rangi.

Ukitandika kwenye meza ya mashine nyoosha bila kuvuta, fulana iliyovutwa ikitoka inajirudi na duara linakuwa yai. Hudi zenye mfuko na zipu angalia meza imepanda juu kiasi gani, mshono ukigusa hedi hiyo ni gharama usiyotaka kuijua. Manyoya nayo yaondoe kwa rola ya kunata.

Baada ya kuprinti unakausha, wino mwingi unataka kama digrii 160 mpaka 180, nyeupe inachukua muda mrefu kuliko rangi tupu, soma maelekezo ya wino wako maana yanatofautiana. Usiamini namba ya kwenye presi, pima kwa kipimajoto. Juu unaweza kuona pakavu kumbe chini wino bado mbichi, na hilo utaligundua mteja akishafua, kwa hiyo kila ukibadilisha kitambaa au dawa toa fulana moja uifue mara tano mwenyewe kabla hujauza.

Kuhusu oda zenyewe, DTG inang'aa kwenye fulana moja mpaka ishirini hivi zenye rangi nyingi au kila moja na jina lake. Akija mtu anataka mia tatu za rangi moja mpeleke kwa wanaochapa kwa skrini (screen printing), usijitese. Na ukipanga bei usihesabu wino wa picha tu (programu nyingi zinakuonyesha mililita), weka na wino wa kusafishia, dawa, na zile fulana zitakazoharibika, zipo tu.

Jioni futa kifuniko cha hedi na wipa (kile kiraba kinachoifuta hedi) kwa pamba ya kijiti na maji yake maalumu, usiguse uso wa hedi wenyewe, hakikisha hedi imerudi kwenye kifuniko chake na kifuniko kina unyevunyevu, afu zima taa za chumba. Mashine iache iwake.