Kufuatilia ukoo wa Wachettiar kwa herufi za mbele ya jina

Hati za zamani za mikopo na rehani za Rangoon (Burma, leo Myanmar), Penang (Malaya, leo Malaysia) au Colombo mara nyingi zina jina la mkopeshaji wa Kitamil linalotanguliwa na herufi kadhaa na kumalizika kwa Chettiar. Wengi huziruka herufi hizo, kumbe ndizo zenye ukoo.

Kwanza hakikisha ni nani hasa. Chettiar ni jina la heshima linalotumiwa na jamii nyingi za wafanyabiashara wa Kitamil. Wakopeshaji waliotapakaa Burma na Malaya walikuwa zaidi Nattukottai Chettiar, wenyewe hujiita Nagarathar, kwao Chettinad, kusini mwa India: Karaikudi, Devakottai na vijiji vya jirani.

Kisha soma herufi, yaani vilasam. Huanza na babu wa mbali zaidi na kushuka. Ya mwisho ni ya baba. Annamalai Chettiar, aliyeanzisha Chuo Kikuu cha Annamalai mwaka 1929, aliandikwa S.Rm.M.; hiyo M ni Muthiah, baba yake. Usitenganishe Rm: ni kifupisho cha jina moja. Ukikiandika R.M. umezua babu asiyekuwepo.

Shida kubwa ni majina kujirudia, kwa kuwa mjukuu hupewa jina la babu. Mtoto wa Annamalai huyo naye aliitwa Muthiah. Basi kila unapolikuta jina, nakili herufi zote na mwaka pamoja. Angalia pia nani ametia saini: vilasam ilikuwa jina la kampuni vilevile, na wakala aliyetumwa ng'ambo kwa miaka mitatu hivi alisaini kwa niaba ya tajiri aliyebaki Chettinad. Ukimdhania wakala ndiye mwenye mali, utafuata ukoo wa watu wengine.

Tarehe ndizo huharibu kazi zaidi. Madaftari ya Kitamil hutaja mwaka kwa jina, na majina ni 60 yanayozunguka. Mwaka uitwao Prabhava, kwa mfano, ulianza Aprili 1867, ukarudi Aprili 1927. Na kwa kuwa mwaka huanza katikati ya Aprili, mwezi wa Kitamil uitwao Thai wa Prabhava ya pili unaanguka Januari–Februari 1928. Fedha za India na Burma ni rahisi: rupia 1 ilikuwa ana 16, ana 1 ilikuwa pai 12.

Mwisho uliza hekalu la ukoo. Yapo tisa, yakiwemo Ilayathangudi, Mathur, Vairavanpatti na Pillaiyarpatti, na kila mume na mke huhesabiwa humo kama pulli moja. Vilasam zikifanana lakini mahekalu yakatofautiana, hizo ni familia mbili. Mwanamke mtafute kwenye hekalu la baba yake kabla ya ndoa, kwenye la mumewe baada ya ndoa.

Nyuzi nyingi za Burma hukatika 1942, Wajapani walipoingia na watu kukimbia. Hapo acha Rangoon, omba kadi za zamani za harusi huko Chettinad: herufi za pande zote mbili huwa zimechapwa.