Kabla hujaazima projekta ya watu: kwa wanaoenda mazoezi ya kufundisha

Wenzangu mnaoenda mazoezi muhula huu, hasa nyie wa Kiswahili, kabla hujaanza kutafuta projekta jiulize kwanza somo linataka mtoto afanye nini. Huu mtaala mpya wa sekondari ya chini hapa Uganda ulioanza 2020 unataka mtoto aweze kufanya kitu, sio kukariri, na kazi za darasani zinabeba asilimia 20 ya matokeo yake ya Sinia 4, mwaka wa mwisho wa sekondari ya chini, kwa hiyo supavaiza akikaa kule nyuma hahesabu slaidi zako, anaangalia watoto wanafanya nini.

Nadharia najua mmezimeza zote. Mimi kwenye TPACK, ile nadharia ya Mishra na Koehler (2006) ya kufundisha kwa teknolojia, nimebaki na kitu kimoja tu, kwamba kujua somo, kujua kufundisha na kujua kifaa ni mambo matatu na lazima yakutane kwa watoto hao hao ulio nao mbele yako. Chukua ngeli. Ukipangiwa Masaka, wanakoongea Luganda, lugha ya Kibantu kama Kiswahili, mtoto anajua omuntu abantu, ekintu ebintu tangu kwao, wewe andika pembeni yake mtu watu, kitu vitu, utasikia darasa zima linaguna aaah, sasa hapo slaidi ya nini? Vygotsky mwenyewe, yule mwanasaikolojia, alitaka umshike mtoto pale alipofikia umvute kidogo mbele, na chaki inatosha kabisa.

Ila ukipelekwa Gulu hiyo njia ya mkato huna, Kiacholi cha kule sio lugha ya Kibantu. Hapo simu ndo ina kazi: wawili wawili waigize kununua nyanya sokoni, uwarekodi, uwarudishie wasikie wenyewe "nyanya hii mzuri", wabishane, warekodi tena. Ubao hauwezi hiyo. Tumia simu yako lakini, shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, na hedimasta umwambie mapema asije akakuta darasa zima limezunguka simu akaelewa vingine.

SAMR ya Puentedura nayo, ile ngazi ya kupima kifaa kinabadilisha somo kiasi gani, ina vipandio vinne, na slaidi uliyonakili kutoka kitabuni iko kile cha chini kabisa, kifaa kimechukua nafasi ya ubao basi. Sio dhambi. Usiiandike tu kwenye andalio la somo kama ubunifu, supavaiza hacheki.

Halafu chumba chenyewe, nenda ukakione siku moja kabla, na uende saa ile ile ya kipindi chako maana jua la saa nane likiingia dirishani projekta inaonyesha kivuli tu, na soketi unaweza kuikuta iko moja, nyuma ya kabati. Mimi nilijipanga na kaspika kangu ka bluetooth, nimekajaribu chumbani kwangu kanalia vizuri, kufika darasani mvua ikashuka kwenye mabati hata sauti yangu mwenyewe siisikii, watoto themanini na kitu wananiangalia. Bahati nilikuwa nimenakili mazungumzo kwenye karatasi ya manila usiku ule, nikabandika wakasoma kwa kupokezana.

Mengine ya haraka haraka: video idaunlodi kabisa uiweke kwenye fleshi, usitegemee bando, kebo uhakikishe inaingia kwenye laptopu yako, simu ichajiwe usiku. Na chaki beba za kwako, za stafu huwa zimefungiwa na mwenye ufunguo hajafika.