Namna ya Kukusanya Kumbukumbu za Kutokomezwa kwa Mbung'o Unguja

Kabla hujapiga hodi kwa mfugaji yeyote, ielewe kwanza kazi yenyewe ilivyofanyika, kwa sababu ukiikosea hapo maswali yako yote yatapotoka. Unguja ilikuwa na aina moja tu ya mbung'o, inzi anyonyaye damu, iitwayo Glossina austeni, nayo ndiyo iliyoeneza ugonjwa wa nagana kwa mifugo. Jike lake kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani na huzaa buu mmoja mmoja, hivyo akipandwa na dume tasa hapati mtoto. Wataalamu walianza kwa kupunguza mbung'o wa porini kwa kuwapaka ng'ombe dawa na kutundika vitambaa vyenye sumu. Huku nyuma, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, mbung'o walifugwa Tanga kwa kulishwa damu ya ng'ombe kupitia utando, na madume wakapigwa miale ya gamma iliyowafanya tasa. Kuanzia 1994 hadi 1997 ndege ndogo ziliwamwaga juu ya kisiwa, zaidi ya milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996.

Mwenyeji wako akiuliza kama inzi wale walileta mionzi kijijini, mjibu kwa utulivu kwamba miale ya gamma huupita mwili wa inzi kama mwanga unavyopita kwenye kioo, wala haibaki ndani yake. Swali hili ni la haki na halistahili kupuuzwa. Usichanganye pia nagana, ambayo ni maradhi ya mifugo, na malale ya binadamu.

Sasa nenda vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, kama Pete, Kitogani na Charawe. Toa shikamoo, kaa, na usiitoe daftari mapema. Usiulize "mradi ulikusaidiaje?", kwani swali hilo huzaa shukrani tu. Uliza ng'ombe walifungwa wapi na kwa nini hapo, nani alikamua, maziwa yaliuzwa au yalinywewa nyumbani, samadi ilikwenda shamba gani, na ni lini mtu wa kwanza kijijini alithubutu kuleta ng'ombe wa kisasa. Waulize akina mama peke yao, maana hesabu ya maziwa mara nyingi wanaijua wao kuliko waume zao.

Wazee wengi hawakumbuki mwaka, bali hukumbuka tukio. Uchaguzi wa vyama vingi wa Oktoba 1995 uliangukia katikati ya kipindi cha kumwaga madume, kwa hiyo uliza jambo fulani lilitokea kabla yake au baadaye. Linganisha majibu na majalada ya Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, na pale yanapogongana, andika kauli zote mbili bila kuzisawazisha.

Zungumza pia na mtu wa Pemba, kisiwa ambacho hakikuwa na mbung'o, upate kujua ufugaji ulivyokuwa pasipo inzi huyo.