SOMO: Piga mwenyewe hesabu ya umbali na muda wa ndege Tanga mpaka Pemba

Wadau wa Tanga habari zenu. Kila siku watu wanabishana eti Pemba kwa ndege ni dakika ngapi, huyu robo saa yule nusu saa, sasa leo tuipige wenyewe maana wala si hesabu ngumu, simu yako inatosha.

KWANZA fungua ramani, kandamiza kidole juu ya uwanja wetu wa ndege mpaka pini itokee, utaona namba mbili, latitudo na longitudo. Tanga ni kama 5.09 kusini na 39.07 mashariki. Uwanja wa Pemba, ule wa karibu na Chake, ni 5.26 na 39.81.

PILI toa. Unapata 0.17 na 0.74. Kila moja zidisha kwa 111, kwa sababu digrii moja ni kama kilomita 111, unapata 19 na 82. Hapa wajuaji watakuja kusema longitudo zinabanana ukienda mbali na ikweta, kweli kabisa, ila sisi tuko digrii tano tu toka ikweta, kinachopungua hakifiki hata nusu asilimia, achana nacho. Mtu wa London ndo aumize kichwa, kwake digrii ya longitudo ni kama kilomita 69 tu.

TATU Paithagorasi ile ya sekondari. 19 mara 19 jumlisha 82 mara 82, tafuta skwea ruti, inakuja kilomita 84.

NNE muda. Tuchukue Caravan, kile kindege cha injini moja cha pangaboi, mwendo wake weka noti 160, na noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa, kwa hiyo kama 296. Gawa 84 kwa 296 zidisha 60, dakika 17. Usishangilie bado, ongeza dakika tano mpaka nane za kupaa na kujipanga kutua.

MASWALI

Swali: Mkuu mbona tiketi huwa inaandika muda mrefu kuliko huo?
Jibu: Ratiba inahesabu toka ndege inaanza kusogea mpaka inasimama kabisa, tena wanaweka na akiba kidogo.

Swali: Upepo je? Sie wavuvi tunajua kusi halina utani.
Jibu: Umegonga penyewe kaka. Kwenda Pemba unaelekea mashariki unakata kidogo kusini, kusi linakupiga mbele upande wa kulia, linakula noti kadhaa. Kurudi linakusukuma. Ila safari yenyewe fupi, tofauti ni dakika moja mbili.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nikitaka Unguja, nipitie Pemba au niende moja kwa moja?
Jibu: Marahaba binti. Moja kwa moja ni kilomita 126 hivi, kama dakika 26 kwa hesabu yetu. Ukipitia Pemba ni 84 kisha 125 nyingine, jumla 209, dakika 42 bila kuhesabu kushusha na kupakia abiria. Pemba si njiani, iko pembeni kabisa!

Swali: Na Dar?
Jibu: Angani kama 199. Kwa basi kupitia Segera na Chalinze ni kama 350, ndo maana mgongo unauma.