Chipsi za oveni zinazokauka vizuri

Chipsi za oveni zikitoka zimelegea kama viazi vya kuchemsha, kosa karibu kila mara ni maji. Kwenye karai, mafuta ya moto huzizunguka chipsi na kuyafukuza maji haraka. Hewa ya oveni hupeleka joto polepole zaidi, kwa hiyo kila tone unaloweza kuliondoa mapema, liondoe.

Anza sokoni. Tafuta kiazi chenye unga mwingi, kile kinachopasukapasuka kikichemshwa. Wakenya wengi hutumia aina iitwayo Shangi. Kiazi kichanga, ambacho ngozi yake inabanduka kwa kusuguliwa na kidole, kina maji mengi mno. Usiweke viazi kwenye friji: baridi hugeuza wanga kuwa sukari, na chipsi zitakuwa kahawia na chungu kabla hazijakauka. Kiazi kilichogeuka kijani kina sumu ya solanini, kitupe.

Kwa watu 3 au 4, menya kilo 1. Kata vipande vya unene wa sentimita 1, vyote sawa, maana vyembamba vitaungua huku vinene vikiwa bado. Suuza mpaka maji yasiwe na weupe. Wanga uliobaki juu ndio unaozigandisha chipsi kwenye trei.

Sasa zichemshe, hatua ambayo wengi huiruka. Tia viazi kwenye maji baridi, chumvi kijiko kidogo 1, na siki kijiko kikubwa 1 kwa kila lita ya maji. Yakianza kuchemka, hesabu dakika 8. Siki huzuia pektini, gundi inayoshika kiazi, isiyeyuke upesi. Ndiyo maana kipande huiva bila kuvunjika, na ukali wa siki hausikiki ukila. Chuja, tandaza juu ya kitambaa kisafi, acha mvuke utoke kwa dakika 10. Ziko tayari zikionekana zimefifia, na ukizigusa mkono haupati unyevu.

Wakati huo washa oveni nyuzi 220, au 200 kama ina feni, trei tupu zikiwa ndani. Ipe dakika 20 hata kama taa imeshaonyesha kwamba joto limefika, kwa sababu kuta na trei huchelewa. Oveni ya gesi isiyo na namba, fungua moto mpaka mwisho.

Changanya chipsi na vijiko vikubwa 3 vya mafuta ya kupikia, taratibu, kwa mikono. Zimwage kwenye trei za moto. Zikilia chwaa, joto linatosha. Kilo 1 inahitaji trei 2. Acha nafasi ya upana wa kidole kati ya vipande, kwani zikibanana zitapikana kwa mvuke wao wenyewe.

Usiziguse kwa dakika 20. Ukigeuza mapema, ngozi ya chini haijashika na itabaki kwenye trei. Kipande kikishakauka huachia chenyewe kwa koleo au mwiko bapa. Geuza, badilisha trei ya juu na ya chini, kisha endelea dakika 10 hadi 15. Mlango ukifunguliwa kwa kazi hiyo, mvuke mwingi utatoka, nao utoke. Zitoe zikiwa na rangi ya dhahabu. Zikifika kahawia iliyokolea, akrilamaidi, kemikali inayotokea viazi vikipikwa kwa joto kali, huongezeka, na si kitu cha kula kwa wingi.

Chumvi nyunyiza zikishatoka, zingali za moto. Ikitangulia huvuta maji juu.

Pakua mara moja. Ukizifunika au kuzitia kwenye hotpoti, kazi yote itaharibika kwa dakika 5. Zilizobaki hurudi vizuri kwa nyuzi 220, dakika 6 hivi, bila kuongeza mafuta. Au zipigie mayai 3 kwenye kikaango: zilivyo kavu hazilainiki upesi, na chipsi mayai hutoka ikiwa imeshikana.