Somo: Kitabu cha mapishi na mboga za msimu

Wakuu, nimechoka. Kila wiki ni ujumbe ule ule: "Nimefuata kitabu neno kwa neno, mboga imeharibika." Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namrudisha hapa.

1. Nunua mboga kwanza, kitabu ukifungue baadaye.

2. Tafuta jina la mboga kwenye faharasa, kurasa za mwisho. Usianze na picha. Ndizo zinazokutuma kusaka mboga ambayo msimu wake umeshapita.

3. Kitabu kikipangwa kwa miezi, tazama kimeandikiwa upande gani wa dunia. Julai ni majira ya joto Ulaya, kusini mwa Afrika ni baridi.

4. Pima kwa mizani. "Biringanya mbili" si kipimo.

5. Maji na muda. Hapa ndipo nilipoumbuka. Kitabu kilisema boga, vikombe viwili vya maji, dakika 40. Langu lilikuwa changa, ganda linapenya ukucha. Nikatii. Kufunua sufuria, uji mtupu, na wageni wameshanawa mikono. Kitabu hakikuwa na kosa: mapishi yale yalikuwa ya boga lililokomaa, gumu. Changa lina maji yake na hulainika upesi. Kwa hiyo anza na nusu ya maji, na muda ukifika nusu, choma kwa uma. Maji unaweza kuongeza, kuyatoa ni kazi.

ONYO: yakizidi, usiendelee kuchemsha ili yakauke, mboga itasagika. Itoe, chemsha mchuzi peke yake upungue, kisha irudishe.
ONYO la pili: chumvi mwishoni. Mchuzi hupungua, chumvi haipungui.

6. Andika kwa penseli pembeni mwa ukurasa: tarehe, maji, dakika. Msimu ujao utajishukuru.

MASWALI

Sufuria Kubwa: Mkuu, boga linataka maji kiasi gani?
— Hatua ya 5.

Sufuria Kubwa: Nimeisoma. Nataka kipimo kamili.
— Basi hujaisoma.

Jiko la Pili: Kwa nini biringanya hunywa mafuta hivi? Kitabu kinasema vijiko vitatu, mimi namaliza chupa.
— Swali zuri hilo. Ndani yake ni kama sponji, imejaa hewa. Ikiiva hewa inatoka, mafuta yanashika nafasi. Nyunyizia vipande chumvi, acha nusu saa, kamua, futa kwa kitambaa. Au vipitishe kwenye mvuke kwanza, vitundu vikisinyaa mafuta hayana pa kuingia. Vitabu vingine vinasema chumvi ni ya kutoa uchungu. Changa mara nyingi haina uchungu. Mimi naiweka kwa ajili ya mafuta tu.

Mwiko Mpya: Kitabu cha Marekani kimeniambia oveni 350. Nimetoa mkaa.
— Hizo ni Farenhaiti, yaani kama 175 za Selsiasi. Na kikombe chao ni mililita 240 hivi, kwingine 250. Vipimo huwa kwenye kurasa za mwanzo, zile mnazoziruka.

Kisu Butu: Mimi karoti nazikata majani nikifika tu nyumbani, hazinyauki.
— Kweli kabisa, majani huendelea kuvuta maji ya mzizi. Usiyatupe, yakatekate kwenye supu.

Sufuria Kubwa: Kwa hiyo boga changa, vikombe viwili?
— Kimoja, ndugu yangu. Kimoja. Na uma mkononi.