Kabla hujauza kompyuta za ofisi, futa diski hivi

Mwezi uliopita dada mmoja mwenye ofisi ya uwakala wa forodha karibu na Kilindini aliniita. Kompyuta 6 za zamani, mnunuzi yuko njiani. "Fundi, nishafuta zote, hata pipa nimelimwaga." Nikaendesha PhotoRec, programu ya kurudisha faili zilizofutwa, kwenye diski ya kwanza. Chai haijapoa, zikaanza kuibuka pasipoti za wateja, PIN zao za KRA, orodha ya mishahara. Dada wa watu akashika kichwa.

Kufuta faili huondoa jina lake tu kwenye orodha ya diski, yaliyomo hubaki. Kufomati kwa haraka ni vivyo hivyo. Na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakubana wewe uliyezikusanya data hizo.

1. Weka nakala ya unachohitaji.

2. Fungua kila mashine uhesabu diski. Laptopu nyingine zina mbili. Mashine kubwa ya fotokopi nayo mara nyingi ina yake.

3. Diski ya kuzunguka: washa Linux kwa fleshi, tumia nwipe, programu ya kuandika juu ya diski nzima. Sufuri mara moja zatosha. Wanaokwambia mara 7 wanakupotezea siku.

4. SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka. Hapa tulia. Nwipe haitoshi, kwa sababu SSD ina nafasi ya akiba ambayo programu haiioni, na data hubaki humo. Lazima uiamuru diski ijifute yenyewe. Kwenye dirisha la amri la Linux (terminal) andika `hdparm -I /dev/sda`, na hakikisha kwa ukubwa na modeli kwamba sda ndiyo diski unayoitaka, si nyingine. Ukiona "frozen" pekee bila "not" mbele yake, diski imefungwa na amri ya kujifuta itakataliwa. Mara yangu ya kwanza nilihangaika nayo kuanzia Alasiri hadi Isha, nikabadilisha fleshi, nikabadilisha waya, kumbe BIOS, programu inayoiwasha mashine, ndiyo huifunga diski mashine inapowaka. Dawa yake: ilaze mashine isinzie, kisha iamshe. Angalia tena; ikisema "not frozen", endelea:

`hdparm --user-master u --security-set-pass p /dev/sda`
`hdparm --user-master u --security-erase p /dev/sda`

Stima ikipotea katikati, diski inaweza kubaki imefungwa kwa nenosiri hilo, p. Kwa hiyo kompyuta ya mezani siigusi bila UPS (betri ya akiba), na stima zetu mnazijua. Usiifanye kupitia waya wa USB pia. Chomeka diski moja kwa moja ndani ya mashine. SSD za NVMe, aina mpya zinazojulikana kwa jina la nvme badala ya sda, ni rahisi zaidi: `nvme format /dev/nvme0n1 -s 1`.

5. Endesha PhotoRec tena. Ikitoa hata picha moja, rudia.

6. Diski iliyokufa haifutiki, na haiuzwi. Ya kuzunguka toboa sahani zake kwa drili. SSD vunja chipu moja moja, maana tundu la katikati laweza kuzikosa zote. Andika namba ya kila diski daftarini, tarehe na namna ulivyoifuta. Ya sita ya yule dada ilikuwa imekufa. Tuliitoboa pale pale mlangoni, mnunuzi akachukua kasha bila diski.